Kimo cha Gari na Mwelekeo wa Magurudumu: Historia ya Kuinua na Kushusha Magari, kutoka Safari ya Afrika Mashariki hadi Barabara ya Idete, Bonde la Kilombero

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya tatizo moja la kiufundi ambalo wanahistoria wa usafiri wa Afrika Mashariki wamelipa nafasi ndogo: kuharibika kwa mwelekeo wa magurudumu pale kimo cha gari kinapobadilishwa baada ya kutoka kiwandani. Chimbuko la mjadala ni bonde la Kilombero, hususani barabara ya kutoka Ifakara kupitia Idete kuelekea Mlimba. Inajadiliwa kuwa gari la michezo lililoshushwa mjini na gari dogo lililoinuliwa ili lipite kijijini yana kasoro ya aina moja, na kwamba kasoro hiyo haimalizwi na vipimo vinavyochukuliwa gari likiwa limesimama. Insha inafuatilia vipindi vitatu: mashindano ya Safari kuanzia mwaka 1953, kipindi cha magari ya ekseli nzima, na kipindi cha magari yaliyotumika yaliyoingia nchini baada ya mageuzi ya biashara ya miaka ya 1980. Hitimisho ni kuwa lawama ya matairi kulika na magari kuyumba haipaswi kuangukia barabara au dereva peke yake.

1.0 Utangulizi

Katika maandiko ya kitaaluma, Idete inajulikana zaidi kwa malaria kuliko kwa barabara. Kijiji hiki cha mkoa wa Morogoro, kilichopo katika njia ya kutoka Ifakara kwenda Mbingu, Mngeta, Chita na Mlimba, ndicho kilichokuwa eneo la jaribio la chanjo ya malaria ya SPf66, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1994. Maabara ya utafiti iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957 na Rudolf Geigy, mwanasayansi kutoka Uswisi, imelifanya bonde la Kilombero kuwa miongoni mwa maeneo yaliyochunguzwa sana barani Afrika kwa upande wa magonjwa. Hata hivyo, kila sampuli ya damu, kila chandarua na kila gunia la mpunga lililotoka au kuingia katika vijiji hivi lilipaswa kwanza kupita barabarani. Historia ya namna hiyo ya kupita haijaandikwa kwa kiwango kinachostahili.

Kwa upande mwingine, historia ya magari katika Afrika Mashariki imepiga hatua. Kenda Mutongi (2017) ameandika historia ya matatu za Nairobi kama historia ya biashara, siasa na vijana. Joshua Grace (2021) amewatazama mafundi na madereva wa Tanzania kama watengenezaji wa maarifa ya teknolojia, si wapokeaji tu wa vitu vya kigeni. Kazi hizi zimefungua mlango. Hata hivyo, gari linapojadiliwa katika historia, mara nyingi hujadiliwa kama injini, kama mali au kama alama ya hadhi. Ni nadra kujadiliwa kama kimo: umbali kati ya tumbo la gari na ardhi, na yale yote yanayofuata umbali huo unapobadilishwa.

Hoja kuu ya insha hii ni kwamba kimo ndicho mahali ambapo gari na barabara hupatana au hugombana. Kiwanda huweka kimo kimoja na kupanga magurudumu kwa kimo hicho. Mtumiaji wa Dar es Salaam anayetaka gari lake la michezo lilale chini hukata springi au hununua springi fupi. Mtumiaji wa Ifakara anayetaka kuvuka matuta na madimbwi huweka vipande vya kuinulia. Wote wawili wamehama kutoka katika kimo cha kiwandani, na wote wawili hukutana na matokeo yaleyale: tairi hulika upande mmoja, usukani huvuta, na gari huyumba linapokutana na makorongo. Swali la kihistoria ni hili: maarifa ya kulitambua na kulirekebisha tatizo hilo yalikuwa mikononi mwa nani, na kwa nini hayakuenea?

2.0 Ufafanuzi wa dhana

Mafundi wa Tanzania huita kazi nzima ya kupanga magurudumu alaimenti. Katika insha hii dhana tatu zinatenganishwa. Ya kwanza ni mlalo, yaani gurudumu kuegemea ndani au nje linapotazamwa kutoka mbele ya gari. Ya pili ni mwelekeo, yaani sehemu za mbele za magurudumu mawili kukaribiana au kuachana yanapotazamwa kutoka juu. Ya tatu ni mwinamo, yaani kulala kwa mhimili unaozungukwa na gurudumu usukani unapokatwa, ukitazamwa kutoka ubavuni. Mwinamo ndio unaosaidia usukani kujirudisha katikati.

Suala la kuelekeza magurudumu lina umri mkubwa kuliko gari lenyewe. Mwaka 1817, Georg Lankensperger wa Munich alibuni mpangilio wa magurudumu ya gari la farasi ambao kila gurudumu la mbele hukata kona kwa pembe yake. Mwaka uliofuata Rudolph Ackermann aliusajili uvumbuzi huo Uingereza, na jina lake ndilo lililobaki. Kwa magari ya injini, badiliko kubwa zaidi lilikuja pale kila gurudumu lilipopewa uhuru wa kupanda na kushuka peke yake. Earle MacPherson alibuni nguzo inayounganisha springi na shokapu katika kipande kimoja kinachobeba gurudumu. Magari ya Ford yalianza kuitumia mwanzoni mwa miaka ya 1950, na baadaye ikawa mfumo wa kawaida wa magari madogo duniani. Uhuru huo uliongeza starehe na ushikaji wa barabara, lakini ulikuja na sharti: pembe za gurudumu sasa zilitegemea kimo cha gari.

3.0 Jiometri ya kimo: mfano wa hesabu

Ili hoja isibaki katika maneno ya jumla, ni vyema kuchukua mfano. Tuchukue gari lenye nguzo za MacPherson mbele, ambalo mkono wake wa chini una urefu wa sentimita 35 na umelala sawasawa na ardhi katika kimo cha kiwandani. Tuchukue pia kwamba tairodi, inayopokea nguvu ya usukani, ina urefu wa sentimita 28 nayo imelala sawasawa, na kwamba mkono wa usukani kwenye kitovu cha gurudumu una sentimita 12. Ncha ya juu ya nguzo iko sentimita 60 juu ya bolijointi ya chini, na imeingia ndani kwa sentimita 12. Vipimo hivi si vya gari fulani; vimechaguliwa ili kuonesha utaratibu.

Gari likishushwa sentimita 4, ncha ya mkono wa chini hufuata upinde na kuvutwa ndani kwa milimita 2.3. Ncha ya tairodi, kwa kuwa tairodi ni fupi, huvutwa ndani kwa milimita 2.9. Tofauti ya takribani milimita 0.6 inaonekana ndogo, lakini kwenye mkono wa sentimita 12 inageuza gurudumu kwa digrii 0.28. Wakati huohuo nguzo huongeza kulala kwake, na gurudumu huegemea ndani kwa digrii 0.56 zaidi.

Gari likishushwa sentimita 8, matokeo hayaongezeki kwa uwiano uleule. Mlalo huongezeka kwa digrii 0.15 tu zaidi ya pale ulipokuwa, kwa sababu mkono wa chini umeshapita usawa na unaivuta ncha ya chini ya gurudumu ndani. Mwelekeo, kinyume chake, huharibika mara nne: gurudumu sasa limegeuka kwa digrii 1.15. Hapa ndipo jicho hudanganywa. Mlalo ndio unaoonekana kwa mtu aliyesimama mbele ya gari, na mlalo haujabadilika sana. Mwelekeo ndio unaokula tairi, na hauonekani kirahisi.

Gharama yake inaweza kupimwa. Gurudumu lililogeuka kwa digrii 0.28 huburutwa kando takribani mita 5 katika kila kilomita moja. Lililogeuka kwa digrii 1.15 huburutwa mita 20. Katika mwendo wa kilomita 100, tairi la pili limesuguliwa kando kwa umbali wa kilomita 2, kana kwamba lilikokotwa na ng'ombe likiwa limefungwa breki.

Jambo la tatu ndilo muhimu zaidi kwa historia hii. Gari likiinuliwa sentimita 4 badala ya kushushwa, mlalo huenda upande wa pili, yaani gurudumu huegemea nje. Mwelekeo, hata hivyo, huharibika kwa upande uleule na kwa kiasi kilekile, kwa kuwa pinde zote mbili huvuta ndani iwe gari limepanda au limeshuka. Kwa maneno mengine, kwa upande wa mwelekeo, kijana aliyeshusha gari lake Kinondoni na mwalimu aliyeinua lake Ifakara wana ugonjwa mmoja.

Inaweza kupingwa kuwa tatizo huisha mara tairodi inapozungushwa na mwelekeo kurudishwa kwenye kipimo. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Kuzungusha tairodi hurekebisha mwelekeo gari likiwa limesimama kwenye sakafu. Pinde zenyewe hazijabadilika. Katika kimo cha kiwandani, gurudumu likipanda sentimita moja juu ya tuta, mwelekeo karibu haubadiliki. Katika gari lililoshushwa sentimita 8, kila sentimita moja ya kupanda au kushuka hugeuza gurudumu kwa takribani digrii 0.3, hata baada ya alaimenti kupigwa vizuri. Kwenye lami laini ambako gurudumu hupanda na kushuka kidogo, dereva anaweza asitambue. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, magurudumu hujikata yenyewe kushoto na kulia bila mkono wa dereva. Ndiyo maana insha hii inatofautisha alaimenti ya sakafuni na alaimenti ya barabarani.

4.0 Kipindi cha kwanza: Safari na magari yaliyoinuliwa

Mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo yaliyoweka tatizo la kimo hadharani kwa mara ya kwanza katika ukanda huu. Tangu mwaka 1960 yaliitwa East African Safari. Hayakuendeshwa katika viwanja maalumu bali katika barabara za kawaida, wakati wa Pasaka, katika majira ya mvua za masika. Ukali wake unaonekana katika miaka ya 1963 na 1968, ambapo magari saba tu yalimaliza katika kila mwaka.

Orodha ya washindi ikisomwa kwa jicho la jiometri, inaonesha mpangilio unaofaa kuzingatiwa. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, na Mercedes ilishinda mwaka 1959, 1960 na 1961. Magari haya yalikuwa na ekseli nusu zinazobembea upande wa nyuma. Katika mfumo huo gurudumu hulala pamoja na ekseli yake, hivyo badiliko la kimo huonekana waziwazi: kwa ekseli nusu ya sentimita 60, badiliko la sentimita 5 hulaza gurudumu kwa karibu digrii 5. Gari likiinuliwa, magurudumu ya nyuma husimama kama miguu ya mtu anayechungulia juu ya ukuta. Likibebeshwa mzigo, hutanuka. Kila aliyelitazama aliweza kuona kuwa kimo na mlalo ni kitu kimoja.

Ford Zephyr, iliyoshinda mwaka 1955, na Ford Cortina GT, iliyoshinda mwaka 1964, zilileta nguzo za MacPherson. Peugeot 404, nayo yenye nguzo mbele na ekseli nzima nyuma, ilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa mwaka 1966 na 1967 una uzito wa pekee kwa Tanzania, kwa kuwa dereva Bert Shankland, aliyeshirikiana na Chris Rothwell, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Katika mfumo wa nguzo, tofauti na Volkswagen, madhara ya kimo yalijificha. Gurudumu lilionekana limesimama vizuri huku mwelekeo wake ukiwa umeharibika.

Kilele cha kipindi hiki ni Datsun 240Z. Hili lilikuwa gari la michezo kwa maana kamili: lenye milango miwili, pua ndefu na kimo kifupi, lililozinduliwa mwaka 1969 likilenga hasa barabara laini za Marekani. Lilikuwa na nguzo mbele na nyuma. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari hili, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakafanya hivyo tena. Gari lililoshinda halikuwa lile la dukani. Lilikuwa limeinuliwa na kuimarishwa, na timu ya kiwanda ilikuwa na wahandisi, vipuri na magari ya huduma yaliyolisubiri njiani.

Hapa panapatikana sehemu ya kwanza ya jibu la swali la insha. Maarifa ya kupanga magurudumu kwa kimo kipya yalikuwepo Afrika Mashariki tangu miaka ya 1950. Yalifanyiwa kazi katika hali ngumu kuliko karibu popote duniani. Hata hivyo, yaliwekwa katika timu za viwanda na katika gereji chache za miji mikubwa. Mashindano yalipokwisha, magari ya kiwanda yaliondoka, na barabara zikabaki na watumiaji wake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalifanyika ndani ya Kenya pekee, na Tanzania ikapoteza hata nafasi ya kutazama.

5.0 Kipindi cha pili: ekseli nzima na ukimya wa tatizo

Bonde la Kilombero halikuwa na haja kubwa ya maarifa hayo katika miongo ya kwanza ya uhuru, na sababu yake ni ya kiufundi. Magari yaliyofika huko yalikuwa hasa malori, Land Rover na, baadaye, Land Cruiser. Haya yalibebwa na ekseli nzima, kwa kawaida juu ya springi za mabapa ya chuma. Katika ekseli nzima, magurudumu mawili yamefungwa kwenye chuma kimoja. Mwili wa gari ukipanda au ukishuka, magurudumu hayabadilishi mlalo wala mwelekeo kati yao. Fundi aliyeongeza bapa moja la springi ili lori libebe zaidi aliinua gari bila kuharibu alaimenti. Kilichoweza kubadilika ni usukani kukaa upande na mwinamo kuongezeka au kupungua. Mambo hayo hutambulika mkononi mwa dereva mara moja.

Mazingira ya bonde yalilinda uamuzi huo. Uwanda wa mafuriko wa Kilombero, uliotambuliwa mwaka 2002 kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, una udongo mzito unaonasa magurudumu wakati wa masika na kuacha mifereji migumu wakati wa kiangazi. Mito inayoshuka kutoka safu ya Udzungwa hukata njia mara nyingi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kupita bondeni kutoka Kidatu kupitia Ifakara hadi Mlimba, ilichukua sehemu kubwa ya abiria na mizigo. Barabara sambamba nayo ilibaki njia ya magari yaliyo juu na magumu.

Hali ya uchumi nayo ilichangia. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, uhaba wa mafuta, fedha za kigeni na vipuri ulifanya gari dogo la binafsi kuwa kitu adimu. Matairi, ambayo kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliyatengeneza tangu miaka ya 1970, yalitumika hadi nyuzi zionekane. Katika mazingira hayo fundi alijifunza kupima kwa uzi: kamba huvutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, na pengo husomwa kwa rula au kwa kidole. Njia hii isidharauliwe. Kwa ekseli nzima, uzi uliovutwa vizuri unatosha. Udhaifu wake ni kwamba hupima mwelekeo wa gari lililosimama, na hauwezi kusema lolote kuhusu upinde ambao gurudumu litaufuata likiwa mwendoni.

6.0 Kipindi cha tatu: gari dogo lafika bondeni

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Mageuzi yaliyofuata yalifungua bandari ya Dar es Salaam kwa magari yaliyotumika, mengi yakitoka Japani. Magari hayo yalikuwa yametengenezwa kwa barabara za lami. Corolla, Carina, Mark II na baadaye Altezza na Impreza yalikuwa na mifumo huru, na yalikaa chini kuliko gari lolote ambalo fundi wa Kilombero alikuwa amezoea kulishika.

Magari hayo yaligawanyika njia mbili. Mjini, vijana waliopenda mwonekano wa mbio waliyashusha. Springi fupi zilizotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo ni ghali; hivyo wengine walikata mizunguko ya springi za awali. Springi iliyokatwa huwa fupi na ngumu zaidi, na mara nyingine haikai vizuri kwenye kikombe chake gurudumu linaponing'inia. Upande wa mikoani, magari hayohayo yaliinuliwa kwa vipande vya chuma, mpira au mbao ngumu vilivyowekwa juu ya nguzo au chini ya springi. Gari moja liliweza kupitia maisha yote mawili: kushushwa na mmiliki wa kwanza, kisha kuuzwa na kuinuliwa na mmiliki wa pili, bila tairodi kuguswa na fundi anayejua historia yake.

Kwa gari la biashara katika njia ya Idete, kimo hubadilika hata bila fundi. Gari dogo likipakiwa magunia ya mpunga nyuma, sehemu ya nyuma hushuka na pua huinuka. Mwinamo huongezeka, usukani huwa mzito, na mwelekeo wa mbele hubadilika. Likirudi tupu, pembe hurudi zilikokuwa. Gari la namna hii halina kimo kimoja ambacho mashine ya alaimenti inaweza kukilenga. Kuuliza alaimenti yake ni ngapi ni sawa na kuuliza kina cha mto Kilombero bila kutaja mwezi.

Wakati huohuo barabara nayo ilianza kubadilika. Daraja la Magufuli juu ya mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa mwaka 2018 na kuondoa utegemezi wa kivuko kati ya Ifakara na upande wa Ulanga. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara, chenye takribani kilomita 67, kilianza kujengwa kwa kiwango cha lami katika nusu ya pili ya miaka ya 2010. Lami huleta magari yaliyo chini, na magari yaliyo chini huendelea mbele hata pale lami inapokoma. Mpaka kati ya lami na changarawe ndio mpaka kati ya alaimenti ya sakafuni na alaimenti ya barabarani. Gari lililoshushwa linaweza kutoka Morogoro hadi Ifakara bila kulalamika, kisha likaonesha ugonjwa wake wote ndani ya kilomita chache za kwanza kuelekea Idete.

7.0 Mjadala: lawama na maarifa

Kilicho hatarini katika historia hii si matairi pekee, ingawa kwa mwendesha gari la abiria jozi ya matairi ni fedha ya msimu mzima. Kilicho hatarini ni namna jamii inavyogawa lawama. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamkataza mtu kuendesha gari bovu barabarani, na ukaguzi wa polisi hutazama breki, taa, matairi na usukani. Tairi lililolika huonekana. Sababu ya kulika haionekani. Hivyo gari linapoacha njia, maelezo ya kawaida huwa mawili: barabara mbovu au uzembe wa dereva. Maelezo hayo mara nyingi yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, yanaruka mnyororo mzima wa maamuzi: kiwanda kilichopanga pembe kwa barabara ya nchi nyingine, mmiliki aliyebadilisha kimo, muuzaji aliyenyamaza, na fundi aliyeombwa kurekebisha kwa uzi kitu ambacho uzi hauwezi kukipima.

Ni muhimu kutomgeuza fundi wa kijijini kuwa mshitakiwa mpya. Maarifa ya gereji bubu yalijengwa juu ya magari yaliyokuwepo, na kwa magari hayo yalikuwa sahihi. Yaliyobadilika ni magari, yakafika bila maelezo yake. Vitabu vya maelekezo vilivyokuja na magari mengi ya Japani viliandikwa kwa Kijapani, na vipimo vyake vilichukulia kimo ambacho gari halikuwa nacho tena. Timu ya Datsun mwaka 1971 ilikuwa na wahandisi wa kuhesabu upya kila pembe. Mmiliki wa gari dogo lililoinuliwa Ifakara alikuwa na gari lenye nguzo za jamii ileile, barabara isiyo laini kuliko ile, na hakuwa na mhandisi.

Marekebisho yenyewe si siri. Kwanza ni kupunguza badiliko la kimo, kwa kuwa uharibifu wa mwelekeo hukua kwa mraba: nusu ya kushuka huleta robo tu ya kosa. Pili ni kurudisha usawa kati ya tairodi na mkono wa chini, kwa kusogeza ncha ya mojawapo, badala ya kuridhika na kuzungusha tairodi. Tatu ni kupima mwelekeo katika vimo viwili au vitatu: gari tupu, gari lenye mzigo, na gari lililoinuliwa kidogo kwa jeki, kisha kuchagua kipimo kinachofaa kazi ya gari. Hatua ya tatu inawezekana hata kwa uzi. Inahitaji swali jipya zaidi kuliko mashine mpya.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kuwa tatizo la mwelekeo wa magurudumu baada ya kubadilisha kimo cha gari lina historia ya zaidi ya nusu karne katika Afrika Mashariki. Katika kipindi cha Safari lilitambuliwa na kutatuliwa, lakini utatuzi ulibaki ndani ya timu. Katika kipindi cha ekseli nzima lilinyamaza, kwa kuwa magari yenyewe hayakuliruhusu kutokea. Katika kipindi cha magari yaliyotumika lilirudi kwa nguvu, likawakuta mafundi wenye ujuzi wa kipindi kilichopita na wamiliki wasio na taarifa. Gari la michezo lililoshushwa na gari la mpunga lililoinuliwa yamekuwa yakijadiliwa kama mambo mawili ya watu wawili tofauti, moja la anasa na jingine la shida. Jiometri inayaweka katika ukurasa mmoja.

Kwa watafiti wa historia ya teknolojia, hoja inayofuata ni kuzisoma barabara za vijijini kupitia mabadiliko ambayo watumiaji waliyafanya kwenye magari yao. Vyuo vya ufundi stadi navyo vinaweza kuingiza somo la kimo katika mafunzo ya magari, kwa Kiswahili na kwa mifano ya magari yanayoonekana nchini. Pindi lami itakaposonga mbele kutoka Ifakara, magari yaliyo chini yatafika Idete kwa wingi zaidi. Litakuwa jambo jema yakikuta huko fundi ambaye, kabla ya kuvuta uzi, humuuliza mwenye gari limeshushwa kiasi gani, limeinuliwa lini, na kesho litabeba nini.